Usinipige

Nilikuja na lenzi tatu, tochi,
na kibali chenye muhuri wa kaunti,
kupiga picha hospitali ya vichaa ya Kilbrannock
kabla haijageuzwa fleti za watu wenye pesa.
Mvua ya Ireland, isiyonyesha na isiyokatika,
ilikuwa imekaa juu ya kila kitu kama vumbi lenye maji.

Malachy ndiye mwenye funguo.
Miaka sabini na tisa, koti la mtu mrefu kuliko yeye.
Kila mlango aliufungua, akasubiri nipite, akaufunga tena,
ingawa hakuna tena wa kutoroka.

Wodi ya saba. Nilisimama mlangoni nikasahau kupumua:
rangi imebambuka ukuta mzima, ganda juu ya ganda,
kijani imejikunja kama jani la tumbaku,
chini yake krimu, chini ya krimu buluu hafifu,
na mwanga wa dirisha umeingia kwa ubavu, mwembamba,
kama ulioagizwa.
Hii ndiyo, nikasema. Hii itauzika.

"Hiyo kijani niliipaka mimi," akasema Malachy.
"Sigara tano kwa ukuta. Dari ilikuwa bei nyingine."
Akagusa krimu kwa ukucha.
"Hii ni mwaka yalipopasuka mabomba.
Buluu…" akameza mate. "Wakati wa buluu nilikuwa bado sijazoea.
Tazama vizuri, utaona nywele za brashi."

Nikatazama. Zilikuwemo,
nyeusi, fupi, zimeganda ndani ya rangi tangu kabla sijazaliwa.

Nikamwomba asimame pale, kando ya dirisha.

"Usinipige.
Nilishapigwa humu. Mara ya kwanza siku niliyoletwa,
ubao wa namba kifuani,
mpigaji akipuliza mluzi.
Mara nyingine hakukuwa na kamera."

Nikafunika lenzi.
Miaka ishirini nimekula kwa kitenzi hiki
na sikuwahi kuona kuwa kina mkono.

Tulipita bafuni. Mabafu saba kwa mstari;
ndani ya la nne njiwa ametaga.
"Hapa tulioshwa," akasema.
Picha nazo huoshwa, gizani, kwa maji baridi.
Hilo nililinyamazia.

Akitafuta ufunguo wa ghorofa ya juu
akanisimulia, kama mtu anayehesabu chenji:
kaka yake Fergal alitia saini,
padri akatia, na daktari mmoja mwenye haraka.
Kosa? Mama alipokufa
alilala zizini na ng'ombe wiki tatu.
"Shamba likabaki la Fergal. Ekari kumi na nane.
Na wala hazikuwa ekari nzuri."
Akacheka mpaka akakohoa.

Juu, nyuma ya mlango wa bweni,
akanionyesha kidole kabla ya kunionyesha kitu.
"Kama lazima upige, piga huu."

Msumari. Mmoja, umepinda kidogo, una kutu.

"Humu kila kitu kilikuwa na chapa yao.
Shuka, kijiko, suruali, soksi.
Msumari hauna pa kutiwa chapa.
Niliuokota kwa seremala,
nikaupigilia kwa kisigino cha kiatu.
Usiku nilitundika koti.
Asubuhi nililikuta palepale.
Miaka thelathini na moja, binti, nililikuta palepale."

Nilipiga mara moja tu. Mwanga ulikuwa mbaya.

Ukuta wa wodi ya saba umenunuliwa na hoteli moja ya Dublin;
unaning'inia juu ya meza ya mapokezi, mita mbili kwa tatu,
na wageni husema, rangi gani hizi, jamani.
Msumari haukupata mnunuzi.
Nilimpelekea Malachy nakala ndani ya bahasha ngumu.

Ameibandika kwa gundi ya karatasi, juu ya birika la chai.
Nyumba ni ya baraza la mji,
na mkataba, kifungu cha tisa,
unakataza misumari ukutani.